Steve Tikolo: Kocha Aliyekomazwa na Timu Ndogo

Hapa Arusha, mtu akitaja kocha wa timu ya taifa, wasikilizaji wote huelekea kwenye mpira wa miguu bila hata kuuliza, nami siwalaumu, kwa kuwa huo ndio mchezo unaojaza vibanda umiza na ndio unaojengewa uwanja mpya upande wa Olmoti kwa ajili ya AFCON ya mwaka 2027. Kocha ninayetaka kumzungumzia mimi ni wa mchezo mwingine. Ni Steve Tikolo, Mkenya, nahodha wa zamani wa timu ya kriketi ya nchi yake, ambaye baada ya kuweka chini kibao chake cha kupigia mpira alifundisha timu ya taifa ya Uganda na baadaye ya kwetu. Mashabiki wa kriketi wanamfahamu kuanzia Nairobi hadi Mumbai, lakini majirani zangu wengi hawajawahi kulisikia jina lake, ingawa vijana aliowafundisha walivaa bendera yao kifuani.

Kuna maneno yanayorudiwa sana katika michezo yote, kwamba mchezaji mwenye kipaji kikubwa hawezi kuwa mwalimu mzuri, kwa sababu yale ambayo wenzake waliyapata kwa jasho yeye alizaliwa nayo. Sikubaliani na maneno hayo kwa ujumla wake, na katika habari ya Tikolo nadhani yanapotosha kabisa. Alikuwa na kipaji, hilo halina ubishi, lakini kipaji hicho kiliishi ndani ya timu iliyofungwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda, na kwa takribani miaka 15 kazi yake ilikuwa kusimama katikati ya uwanja akijua kwamba yeye akitolewa, yaani zamu yake ya kupiga ikikatishwa, nyuma yake hakuna wa kutosha. Mtu aliyetumia ujana wake kufikiri namna ambavyo timu dhaifu inaweza kusalimika mbele ya timu yenye nguvu ana jambo la kuwafundisha Waganda na Watanzania, jambo ambalo bingwa wa Australia, pamoja na vikombe vyake vyote, hakulazimika kujifunza.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1971, katika familia ambayo kriketi ilikuwa mchezo wa nyumbani. Kaka zake wawili, Tom na David, nao waliichezea Kenya. Jambo hili si dogo kwa msomaji wa Tanzania, ambako kriketi bado inatazamwa kama mali ya jamii za wenzetu wenye asili ya India na Pakistani. Kule Nairobi, vijana wa Kiafrika waliokulia karibu na viwanja vya vilabu vya Waasia walianza kwa kutazama, wakaokota mipira, wakaazimwa vibao, na baada ya muda wakaingia timu ya kwanza. Tikolo mwenyewe alicheza kwa miaka mingi katika klabu ya Swamibapa. Ni historia ya watu wa jamii mbili kukutana katika uwanja mmoja kila mwisho wa juma, na bila hiyo Kenya isingekuwa na timu ya kupeleka Kombe la Dunia mwaka 1996.

Kombe hilo lilichezwa India, Pakistani na Sri Lanka, na ndilo lililomtambulisha. Katika mechi ya kwanza kabisa ya Kenya, dhidi ya India mjini Cuttack, Tikolo alipata mikimbio 65, mikimbio ikiwa ndiyo alama za mchezo huu. Mjini Kandy, dhidi ya Sri Lanka iliyokuja kuwa bingwa, alipata 96, yaani alitolewa akiwa amebakiza minne tu kufikisha mia, katika mechi ambayo Sri Lanka ilikuwa imekusanya mikimbio 398, idadi iliyokuwa kubwa kuliko zote katika mchezo wa siku moja kwa wakati ule. Kati ya mechi hizo mbili kulikuwa na siku ya Pune, Februari 29, ambayo Wakenya wa rika langu wanaikumbuka kama sisi tunavyokumbuka mabao ya Taifa Stars yaliyotupeleka AFCON. Kenya ilitolewa yote, yaani wapigaji wake walimalizwa, kwa mikimbio 166, na aliyepata mingi zaidi alikuwa Tikolo, 29 tu. West Indies, timu ya pamoja ya visiwa vya Karibi iliyokuwa na Brian Lara, mmoja wa wapigaji wakubwa wa dunia, ikaingia kupiga kana kwamba inakwenda kuchukua mzigo wake dukani, ikatolewa yote kwa 93. Lara aliugusa mpira wa mrushaji wa Kenya, Rajab Ali, kwa ukingo wa kibao, ukaruka nyuma hadi kwa mlinda wiketi Tariq Iqbal, mtu mnene mwenye miwani ambaye siku ile mipira mingine ilikuwa ikimponyoka, na huo mmoja ukanasa, Lara akatolewa.

Nimesema 29 tu, lakini naomba msomaji aitazame idadi hiyo kwa makini. Siku ambayo timu nzima inahangaika, uwanja unapindisha mpira na hakuna anayeweza kutulia, mikimbio 29 ya mtu mmoja inaweza kuwa ndiyo inayoamua mechi. Mpira wa kriketi una uzito wa gramu 160 hivi, ni mgumu kama jiwe lililovikwa ngozi, na mrushaji wa daraja la juu huuleta kwa kasi ya kilomita 140 kwa saa au zaidi kutoka umbali wa mita 20. Mpigaji ana muda usiofika nusu sekunde wa kuona, kuamua na kusogeza mguu. Wapigaji wa nchi kubwa hukutana na kasi hiyo tangu wakiwa na umri wa miaka 16 au 17 katika ligi zao. Wapigaji wa nchi zetu hukutana nayo mara ya kwanza siku ya mechi yenyewe, mbele ya kamera. Tikolo alikuwa miongoni mwa wachache waliopata nafasi ya kujipima mapema, kwa kuwa aliwahi kucheza Afrika Kusini katika timu ya jimbo la Border, na tofauti ilionekana katika utulivu wa miguu yake.

Mechi ninayoiona kuwa ufunguo wa maisha yake yote, hata hivyo, si ya Pune. Ni fainali ya Kombe la ICC, baraza la kriketi la dunia, la mwaka 1997 mjini Kuala Lumpur, mashindano ya nchi ambazo hazikuwa na hadhi kamili. Kenya ilikutana na Bangladesh. Tikolo alipiga mikimbio 147 peke yake, katika jumla ya timu ya 241, maana yake zaidi ya nusu ya kazi aliifanya mtu mmoja. Kisha mvua ikanyesha. Mechi ikasogezwa hadi siku iliyofuata, Bangladesh ikapewa lengo jipya la mikimbio 166 katika ova 25 (ova moja ni mipira sita), na ikalifikia kwenye mpira wa mwisho kabisa. Timu zote mbili zilikuwa tayari zimefuzu kwenda Kombe la Dunia la 1999, kwa hiyo mtu angeweza kusema kwamba kilichopotea kilikuwa kikombe tu. Lakini Bangladesh ilirudi nyumbani ikapokewa na umati, serikali na wafadhili wakaukumbatia mchezo, na ilipofika mwaka 2000 ilikuwa imepewa hadhi ya kucheza mechi za Test, daraja la juu kabisa. Kenya haikupewa, wala haijapewa hadi leo. Sidai kwamba mpira mmoja ndio uliogawa njia za nchi mbili, kwa kuwa Bangladesh ina watu wengi mara nyingi zaidi na kriketi huko ni mapenzi ya taifa zima. Ninachosema ni kwamba Tikolo alikuwapo pale, akiwa amefanya kila kilicho ndani ya uwezo wa mpigaji, na timu yake bado ikashindwa. Nadhani hapo ndipo mtu huanza kufikiri kama kocha, hata kama bado ana miaka 25.

Mwaka 2003 alikuwa nahodha. Mashindano ya Kombe la Dunia yalifanyika Afrika Kusini, na mechi chache zikapangwa Zimbabwe na Kenya. New Zealand ilikataa kwenda Nairobi kwa sababu za usalama, na Kenya ikapewa pointi za bure, jambo ambalo wakosoaji hawajaacha kulitaja. Wanasahau kutaja kwamba Februari 24, kwenye uwanja wa Nairobi Gymkhana, Sri Lanka ilikuja kweli na ikafungwa kwa mikimbio 53, huku kijana Collins Obuya akichukua wiketi tano, yaani akiwatoa wapigaji watano. Kenya iliifunga pia Bangladesh, na katika hatua iliyofuata ikaifunga Zimbabwe kule Bloemfontein. Ikaingia nusu fainali, nchi ya kwanza isiyo na hadhi ya Test kufika hapo, na hadi leo hakuna nyingine ya aina yake iliyofika katika Kombe la Dunia la ova 50.

Katika mashindano hayo kuna uamuzi mmoja wa Tikolo ninaoupenda kuliko mikimbio yake yote. Dhidi ya Australia, timu iliyokuwa ikiwatisha wote mwaka ule, alimpa mpira Aasif Karim, mzee wa Mombasa mwenye miaka 39, aliyekuwa ameshastaafu na kurudishwa kikosini. Karim hakuwa na kasi. Alirusha mpira wa polepole, mahali palepale, tena na tena, na wapigaji wa Australia waliozoea kuvunja warushaji wakajikuta hawana pa kuupeleka. Alimaliza na wiketi tatu, akiwa ametoa mikimbio saba tu katika zaidi ya ova nane. Australia ilishinda hata hivyo, lakini kwa muda mfupi jioni ile ilionekana kuwa na hofu. Nahodha anayejua kwamba dhidi ya wenye nguvu unapaswa kuwanyima wanachokipenda, yaani kasi, badala ya kushindana nao kwa kasi, huyo ameshaanza kufundisha bila kupewa cheo cha ualimu.

Nusu fainali ilichezwa Durban, Machi 20, mchana na usiku. Nakumbuka vizuri kwa sababu ndiyo siku ambayo vita vya Iraki vilianza, na runinga karibu zote za mjini zilikuwa zikionyesha Baghdad. Mimi na wachache wengine tuliipata mechi katika duka la vifaa vya magari ambalo mwenyewe alikuwa na dishi, tukasimama kati ya matairi na makopo ya oili, na kila mteja aliyeingia alituomba tuweke habari za vita. India ilipata 270 kwa kupoteza wiketi nne, Sourav Ganguly akipata mia yake. Kenya ilitolewa kwa 179. Tikolo alipata 56, na alipotolewa mwenye duka alichukua rimoti akarudisha Baghdad, kwa kuwa hakuona haja ya kusubiri mwisho. Kesho yake magazeti ya Kenya yaliyofika na mabasi ya Namanga yaliimaliza habari ile kwa fahari, na ilikuwa haki yao.

Kilichofuata sitakirefusha, maana kinasikitisha na kimeandikwa sana. Mwaka 2004 Maurice Odumbe, nahodha wa siku ya Pune, alifungiwa miaka mitano kwa kupokea fedha za watu wa kamari. Wachezaji waligoma kwa ajili ya malipo. Chama cha mchezo kikagawanyika, kikavunjwa na kuundwa upya. Ligi ya nyumbani ikadhoofu wakati uleule ambapo kizazi cha 2003 kilikuwa kinazeeka, na mwaka 2014 Kenya ikapoteza hata hadhi yake ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Tikolo alibaki akipiga. Mwaka 2007 alipata 72 bila kutolewa dhidi ya Canada na 76 dhidi ya Uingereza katika Kombe la Dunia la visiwani Karibi. Mwaka 2011 alikwenda kwenye Kombe lake la tano, Kenya ikafungwa mechi zote sita, na ya mwisho ikawa dhidi ya Zimbabwe, Kolkata, Machi 20, miaka minane kamili tangu usiku wa Durban. Mnamo 2013, akiwa na miaka 42, aliitwa tena kuichezea Kenya katika mashindano ya kufuzu ya ova 20. Wapo waliolisifu hilo kama uzalendo. Mimi niliona ni aibu ya chama, kwamba miaka kumi baada ya nusu fainali hakuwa amepatikana wa kumrithi.

Kwa hiyo alipoingia kwenye ukocha alikuja na mambo mawili ambayo ni nadra kuyakuta kwa mtu mmoja: alijua kwa mwili wake jinsi timu ndogo inavyoweza kupanda hadi juu kabisa, na alijua, kwa kuwa aliishi ndani yake, jinsi inavyoporomoka.

Uganda ilimchukua mwaka 2016. Mwanzo haukuwa mzuri, kwa sababu mwaka uliofuata Uganda iliandaa mashindano ya daraja la tatu la ligi ya dunia na ikateremshwa daraja ikiwa kwenye viwanja vyake yenyewe. Kwa desturi ya vyama vyetu vya michezo, hapo kocha hufungishwa virago. Waganda hawakufanya hivyo, na mwaka 2018, nchini Malaysia, timu ikashinda daraja la nne na kupanda tena. Mei 2019 mashindano ya Afrika ya kufuzu kwa Kombe la Dunia la ova 20 yalifanyika Kampala, na waliosonga mbele walikuwa Namibia na Kenya, si Uganda. Sijui ni makocha wangapi wamepata uchungu wa namna hiyo, kufungiwa mlango na nchi uliyoitumikia nusu ya maisha yako.

Thamani ya kazi ya kocha wa timu ya taifa katika nchi zetu haionekani siku ya mashindano pekee. Mchezaji wa India au Uingereza anapofika timu ya taifa anakuwa ameshapita mikononi mwa makocha wengi, na kocha wa taifa anachobakiza ni mbinu na saikolojia. Mchezaji wetu anafika akiwa na jicho zuri na mkono wenye nguvu, lakini mguu wake wa mbele hauendi kwenye mpira, na hajawahi kupiga kwa ova 30 mfululizo, kwa kuwa mechi za ligi yake ni fupi. Kocha wa taifa analazimika kuwa pia mwalimu wa shule ya msingi wa mchezo huo, na mara nyingi mtunza uwanja, na mara nyingine mtu wa kuomba mipira. Mwaka 2023, kule Windhoek, Uganda iliifunga Zimbabwe na kufuzu Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2024, ikiwa chini ya kocha mwingine, na sifa za siku hiyo ni zake na wachezaji. Lakini katika kikosi kile walikuwamo watu waliopita mikononi mwa Tikolo, akiwamo Frank Nsubuga, ambaye akiwa na miaka 43 alirusha ova nne dhidi ya Papua New Guinea na kutoa mikimbio minne tu. Ukimtazama Nsubuga akirusha polepole mahali palepale, unamkumbuka Karim wa 2003.

Baada ya Uganda, Tikolo alikuja kwetu. Tanzania si mgeni wa mchezo huu kama wengi wanavyodhani. Katika Kombe la Dunia la kwanza, mwaka 1975 nchini Uingereza, ilishiriki timu iliyoitwa Afrika Mashariki, iliyokusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Ilifungwa mechi zote tatu, tena vibaya, lakini ilikuwapo. Kenya ikajitenga na kuingia ICC peke yake mwaka 1981. Sisi tukasubiri hadi 2001. Miaka 20 hiyo ya tofauti ndiyo inayoeleza mengi kuliko vipaji, kwa sababu Kenya ilipofika Pune ilikuwa na miaka 15 ya kusafiri na kufungwa kwa jina lake yenyewe.

Novemba 2021 Tanzania ilishinda kundi lake la kufuzu Kombe la Dunia la ova 20 mjini Kigali na kuingia fainali ya kanda pamoja na Uganda, Kenya na Nigeria. Nchi nne, na Tikolo alikuwa na historia na zaidi ya moja kati yake. Uganda ndiyo iliyoibuka ya kwanza. Tangu hapo timu imekuwa ikisogea: iliingia katika Ligi ya Changamoto ya ICC ya mwaka 2024 hadi 2026, na Septemba 2024 iliandaa mashindano ya kufuzu Dar es Salaam na kuvuka. Mwaka 2025 ilifika nusu fainali ya kufuzu mjini Harare, ikasimamishwa na Namibia ikiwa imebakiza hatua moja tu kufika Kombe la Dunia la ova 20. Mwaka huohuo vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la umri wao kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi. Simpi Tikolo sifa zote hizo, kwa kuwa wamekuwapo walimu wengine kabla na baada yake, na wapo wazalendo wa Dar es Salaam ambao wamefundisha watoto wa shule kwa miaka bila kuandikwa na gazeti lolote. Lakini timu iliyozoea kufikiria Afrika Mashariki pekee ilianza kujipima na kitu kikubwa zaidi, na hilo huletwa na mtu aliyekwisha kukiona.

Huku kaskazini mambo ni tofauti. Timu ya taifa inaishi Dar es Salaam, vilabu vikubwa viko huko, viwanja vizuri viko huko. Kutoka Arusha hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, ilhali kutoka hapa hadi Nairobi, alikokulia Tikolo, ni chini ya 300. Kijana wa Njiro anayetaka kutazama kriketi ya daraja la juu angefika haraka zaidi kwa kupitia Namanga kuliko kwa kupitia Chalinze. Kwa mantiki hiyo Arusha na Moshi zingepaswa kuwa mlango ambao ujuzi wa Wakenya unaingilia nchini, lakini mlango huo haujawahi kufunguliwa sawasawa.

Jumamosi huwa ninakwenda kwenye kiwanja cha shule moja ambako walimu wawili huwafundisha watoto mchezo huu. Wanatandika mkeka wa nyuzi juu ya saruji, wanaupigilia pembeni kwa misumari mirefu, kisha wanazunguka kuuvuta hadi usiwe na mkunjo hata mmoja, maana mpira ukigonga mkunjo unaruka usoni mwa mtoto. Watoto wanapenda kupiga juu, mbali, hadi kwenye migomba ya jirani, kwa sababu ndicho wanachokiona kwenye vipande vya video vya ligi ya India. Mwalimu anawaambia wapige chini. Juzi kati alikuwapo mzee mmoja wa hapa mjini, mwenye asili ya Gujarati, aliyecheza enzi zake na aliyewahi kumwona Tikolo akipiga Nairobi.

"Shikamoo mzee," nilimwambia. "Huyu kijana anapiga vizuri, sivyo?"

"Marahaba. Anapiga vizuri, lakini anaondoka mapema," alinijibu bila kuondoa macho kwenye mkeka. "Tikolo alikuwa haondoki. Unamrushia mzuri, anauzuia. Unamrushia mzuri mwingine, anauzuia. Unachoka, unamrushia mbaya, ndio huo anaokuhukumu nao."

Sijaona maelezo bora zaidi ya upigaji wake kwenye gazeti lolote, wala sijui kama kuna njia nyingine ya kumfundisha mtoto subira isipokuwa kumwonyesha mtu aliyeiishi. Ndiyo maana inaniuma kwamba kocha wa kiwango kile alipokuwa nchini, watoto hawa hawakumwona. Tatizo si lake, kwani mkataba wa kocha wa taifa unazungumzia timu ya taifa na mashindano yake, na fedha za vyama vyetu ni kidogo.

Watu wa Moshi wana kichekesho chao katika habari hii. Septemba 2014 kundi la wachezaji, wakiwamo Makhaya Ntini wa Afrika Kusini na Ashley Giles wa Uingereza, pamoja na wanawake kama Heather Knight, walipanda Mlima Kilimanjaro na kucheza mechi ndani ya kreta, kwenye kimo cha mita 5,730, ili kuchangisha fedha za hisani. Ni mechi ya kriketi iliyochezwa juu kuliko zote duniani. Ilikuwa kazi njema na ninaiheshimu, lakini wapagazi waliobeba vifaa vile hadi kwenye barafu wanatoka katika vijiji ambavyo watoto wake hawajawahi kushika kibao. Kriketi ya dunia ilipita juu ya vichwa vyetu, ikapiga picha, ikashuka.

Nigeria nayo ilimwita Tikolo baada ya sisi, na sishangai, kwa kuwa nchi zinazoanza zinatafuta mtu asiyezidharau. Siku chama chetu kitakapoajiri kocha mwingine wa taifa wa aina yake, ningependa mkataba wake utaje pia majuma machache kila mwaka ya kufundisha walimu wa Arusha, Moshi, Tanga na Mwanza, walimu na si watoto, kwa sababu kocha ataondoka na mwalimu wa shule atabaki. Gharama yake ni nauli ya basi, chumba cha kulala na mikeka mipya miwili au mitatu kwa kila mji, na nina hakika kwamba wapo wafanyabiashara hapa mjini, wakiwamo wale waliowahi kufungulia runinga zao kwa ajili ya mechi, ambao wangeigharamia kama wangeombwa kwa barua yenye mhuri.